Maji Yaliwahi Kufika Wapi? Kushuka na Mto Nairobi kutoka Ondiri hadi Athi

Jumatatu: Dagoretti Corner

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizo chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinataja ukanda wa kando ya mto ambao ujenzi umebanwa. Ukanda huo ni kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Mita 30 zinajulikana na kila mtu Nairobi. Zinatajwa redioni kila masika na zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta zinazosubiri tingatinga. Maneno yaliyobaki hayasemwi. Kiwango hicho kimerekodiwa wapi, na nani? Nani aliandika maji yalisimama kwenye ukuta upi kule Huruma mwaka 1997?

Nafundisha jiografia shule ya sekondari, na likizo ya Aprili imeanza. Nimeamua kushuka na Mto Nairobi tangu unapochimbuka Kikuyu hadi unapoingia Athi, nikiwa na daftari, kalamu ya wino usiofutika na kamba ya fundi ya kupimia. Kila mahali nitauliza swali moja tu: maji yaliwahi kufika wapi?

Nimeanzia Dagoretti Corner, makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa. Afisa mmoja alinipokea vizuri na kunieleza jambo ambalo nitalipeleka darasani. Watu wakisikia "mafuriko ya mara moja katika miaka 100" hudhani kwamba yakipita leo, wajukuu ndio watakaoyaona tena. Sivyo. Chukua punje 100 za mahindi, moja iwe nyekundu, uzitie mfukoni. Kila mwaka unachomoa punje moja bila kutazama, kisha unairudisha. Nyekundu inaweza kutoka mwaka huu na mwaka ujao pia. Katika miaka 30, ambayo ni umri wa kawaida wa mkopo mrefu wa nyumba, uwezekano wa kuichomoa angalau mara moja ni kama asilimia 26. Kwa mafuriko ya mara moja katika miaka 10, uwezekano unafika asilimia 96. Anayejenga hapo ajue kwamba maji atayaona.

Alinieleza pia habari ya bahari. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli hutuzidia. Ilikuwa hivyo 1961, 1997, 2019 na 2023. Mwaka 1961 hata El Niño haikuwepo, na bado ndio mwaka ambao wazee huupimia mafuriko mengine yote. Ndege za kijeshi zilidondosha chakula bonde la Tana, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mvua za masika hazisomeki kirahisi namna hiyo, na masika ndiyo yaliyotuumiza 2024.

Jioni nikapitia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi. Nilisoma mengi kuhusu daraja zilizovunjika na reli zilizokatika. Kuhusu mtu wa kawaida kwenye nyumba ya kawaida, na maji yalimfika wapi, sikuona kitu.

Jumanne: Ondiri

Matatu ya Kikuyu, kisha mwendo mfupi kwa miguu. Kinamasi cha Ondiri, takriban hekta 30, hakifanani na chanzo cha mto maarufu. Ni uwanda wa majani na matete, mbichi hata wakati wa kiangazi, na ukikanyaga mahali pengine ardhi inatikisika kwa sababu chini ya mizizi ni maji. Kinamasi hupokea mvua, huishika na kuiachilia polepole, ndiyo maana mto unatiririka Januari wakati mashamba yamekauka. Hapa ndipo ulinzi wa kwanza wa Kawangware na Gikomba ulipo, kilomita nyingi kutoka kwa watu wanaouhitaji.

Chini kidogo nilimkuta mzee akipalilia nduma kwenye ukingo.

"Guka, maji huwa yanafika wapi hapa?"

Hakusema neno. Alichomeka jembe, akapanda mteremko hatua kadhaa, akasimama penye mti wa mugumo uliokatwa matawi. "Nilipokuwa kijana yalifika hapa mara moja, mwaka ule wa mvua ya kabla ya Uhuru. Siku hizi yanakaribia hapa kila baada ya miaka michache, na mvua si kubwa kama ile."

Nilipomuuliza sababu, alininyooshea kidole kilele cha upande wa pili. Palipokuwa na kahawa na nyasi za ng'ombe sasa pana mabati, barabara za lami na nyua zilizowekwa kabro. Milimita moja ya mvua kwenye ekari moja ni takriban lita 4,000, kwa hiyo mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuleta kwa jioni moja, ni lita laki mbili kwa ekari. Udongo mwekundu wa Kikuyu ukiwa wazi na wenye mimea hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Mabati hayanywi. Maji yote yanakwenda kwa mzee huyu, kisha Dagoretti, Kawangware na kuendelea.

Nikiwa pale nilikumbuka Mai Mahiu, kwa sababu ukivuka ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Kikuyu ndiko unakoteremkia. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, pale njia ya kupitishia maji chini yake ilipoziba, yalipasua na kuangukia vijiji usingizini. Zaidi ya watu 45 walikufa. Tangu siku ile kila kalvati ninayoipita nainama kuiangalia, na leo nimepita kadhaa zilizojaa matope hadi nusu.

Jumatano: Kawangware hadi Gikomba

Kawangware nimepita haraka. Mto umebanwa na nyumba hata pa kuukaribia ni shida. Kuanzia Chiromo unaonekana tena, unapita chini ya Museum Hill, kisha Bustani ya Michuki, ambayo ilikuwa jalala kabla ya waziri John Michuki kuishikilia kidete. Nilikaa pale nikiangalia ukingo mpana wenye miti. Ukingo wa namna hii hauzuii mafuriko, lakini maji yakipanda yanapata pa kutandaza miguu bila kuingia chumbani mwa mtu. Nairobi nzima ingekuwa na ukingo huu, safari yangu isingekuwa na sababu.

Kutoka hapo hadi Barabara ya Kirinyaga, kwa mafundi wa magari, ni eneo la historia. Reli ilipofika Mei 1899, wahandisi walichagua tambarare hii kwa kuwa ilikuwa pana na ya mwisho kabla ya kupanda milima. Ilikuwa pia kinamasi cha mafunjo. Mji ukajengwa juu yake, tauni ikazuka, na mwaka 1902 soko la Wahindi likachomwa moto. Madaktari walisisitiza mahali hapa hapafai, maji hayatoki. Mji haukuhamishwa. Kwa hiyo ukiona barabara za katikati ya jiji zimegeuka mito kila Aprili, ujue mifereji iliyoziba ni nusu ya habari. Nusu nyingine ina zaidi ya miaka 120.

Gikomba, muuza mitumba mmoja alinionyesha alama yake kwa fahari. Kwenye nguzo ya kibanda amekata kwa kisu mstari kwa kila mafuriko aliyoyaona, na kando yake herufi za mwezi. Wa 2024 ulinifika kiunoni. Alianza kukata mistari ili ajue aning'inize mzigo urefu gani. Nilipomwambia anafanya kazi ambayo serikali ilipaswa kuifanya, alinijibu kwamba yeye anaokoa suruali.

Alhamisi: Mathare

Siku ya leo nitaiandika kwa kirefu.

Bonde la Mathare lilikuwa machimbo ya mawe, na ukuta wa mwamba bado unaonekana upande mmoja. Mto Mathare, unaoingia Mto Nairobi huko chini, hauanzii hapa. Unateremka kutoka pande za juu, unapita Muthaiga kwenye nyua zenye miti mikubwa, kisha unaingia kwenye bonde hili jembamba lenye maelfu ya nyumba za mabati. Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024, uliingia ndani ya nyumba hizo watu wakiwa wamelala. Nchi nzima, masika ya mwaka ule yaliua zaidi ya watu 250, na Mathare ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi Nairobi.

Nilipelekwa na mwanafunzi wangu wa zamani kwa mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga karibu na daraja la miguu. Alimsalimia mama yule kwa adabu, kisha akasema, "Mathe, huyu ni mwalimu wangu, anauliza habari za maji."

"Za mwaka gani?" mama akauliza.

Swali lake lilinifungua macho. Kwake mafuriko si tukio moja. Kuna ya El Niño, alipokuwa msichana, na kuna ya wakati wa korona, watu walipoambiwa wakae nyumbani huku nyumba zikiondoka. Halafu kuna ya mwaka ambao shule zilichelewa kufunguliwa, yaani 2024. Nimejifunza kuuliza hivyo: si mwaka kwa nambari, bali ulikuwa unafanya nini, mtoto yupi alikuwa mgongoni. Halafu nasema, "Nionyeshe ukutani." Mtu akikumbuka kwa maneno, maji hupanda au kushuka kila anaposimulia. Akiweka kiganja ukutani mkono haubahatishi, na jirani akija akaweka kiganja chake mahali hapo hapo bila kuambiwa, naandika.

Tatizo ni kwamba kuta nyingi hazipo. Baada ya mafuriko, serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 na nyumba zikabomolewa. Kila familia iliahidiwa shilingi 10,000. Sipingi kwamba watu walipaswa kutoka kwenye hatari. Ninachosema, na nitakisema kwa yeyote atakayenisikiliza, ni kwamba zilibomolewa kuta zile zile zilizokuwa na mstari wa tope, na sijakutana na mtu hata mmoja aliyeona zikipimwa kwanza. Vijana walinionyesha mahali kamba ilipoanzia kupima mita 30: wengine wanasema katikati ya mto, wengine ukingoni, wengine kwenye ukingo wa takataka uliosogezwa majuzi. Kanuni inasema mafuriko ya juu kabisa yaliyorekodiwa. Bila rekodi, mita 30 zinaanzia anapotaka mwenye kamba.

Kuna jingine. Mzee mmoja aliniambia kwamba maji ya El Niño yalimfika kifuani pale pale ambapo ya 2024 yalimfika magotini. Je, El Niño ilikuwa kubwa zaidi? Si lazima. Alinionyesha ngazi za mawe za zamani zilizozikwa. Ardhi yenyewe imepanda kwa udongo na taka kuliko kimo cha mlango. Kwa hiyo napima kila alama kutoka kitu kisichohama, hasa mwamba wa machimbo na sakafu ya daraja la zege. Kifua na goti vinadanganya.

Saa tisa alasiri wingu lilisimama upande wa Muthaiga. Mathare jua lilikuwa linawaka. Mama alianza kuondoa karai motoni.

"Mama, mvua bado."

"Mwalimu, sisi hatungoji ya kwetu. Tunangoja ya wenyewe kule juu."

Akaniambia nitazame maji. Kwanza yanakuja majani mabichi ya miti ya wenye nyua, kisha povu, kisha rangi inageuka kahawia, halafu unasikia mawe yakigongana chini. Majani yalifika kabla sijamaliza kuandika. Kijana mmoja akapuliza filimbi kutoka daraja la juu, mwingine akaijibu chini, na watoto wakapanda mteremko bila mtu kupiga kelele. Maji yakapanda hadi kwenye jiwe lililokuwa kavu asubuhi, yakapita juu yake, yakasimama karibu na mguu wa daraja. Ndipo mvua yenyewe ikatufikia. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 hubeba gari dogo. Nilikuwa nimefundisha takwimu hizo miaka mingi. Leo nilishika nguzo nikauona mto wenyewe.

Hapakuwa na nyumba iliyoingiliwa. Yalipoanza kushuka, vijana walinisaidia kuchora mstari kwenye zege, na tarehe.

Ijumaa: Huruma, Korogocho, Dandora

Asubuhi mistari ya jana ilikuwa bado mibichi. Siku moja baada ya maji ndiyo siku bora ya kupima. Tope limeandika ukutani kwa mstari ulionyooka, na karatasi za plastiki zimening'inia kwenye nyaya na matawi. Lakini usipime plastiki iliyo juu zaidi peke yake. Huenda wimbi liliitupa huko. Fuata mstari unaoendelea kwenye kuta kadhaa.

Huruma nilipita karibu na mahali ambapo jengo la ghorofa lilianguka Aprili 29, 2016, usiku wa mvua kubwa, likaua watu 52. Lilikuwa kando ya mto na lilikuwa limewekewa alama ya kubomolewa. Nilisimama kidogo, nikaendelea.

Mathare inaingia Mto Nairobi upande wa Korogocho na Dandora, kando ya jalala. Hapa mito miwili ikijaa kwa pamoja hakuna unaomsubiri mwenzake, na ule dhaifu unasukumwa urudi nyuma. Watu wa Korogocho wanalijua hilo vizuri: walinieleza kwamba nyumba zao hufurika hata mto wao ukiwa umetulia, kwa sababu mlango wa kutokea umezibwa na ndugu yake. Mama mmoja anayefua nguo za watu alinipa alama nne na nambari yake ya simu, akasema nimwite nikihitaji kujua mto ulivyo.

Jumamosi: Ruai

Dada yangu mkubwa anataka kununua ploti huku. Aliposikia nafuata mto, alisema nipite, kwa sababu broka amemhakikishia kwamba mto uko mbali.

Ni kweli, mto uko mbali. Udongo ndio wenye neno. Tumetoka kwenye udongo mwekundu wa magharibi. Hapa ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Ukishavimba maji hayapiti chini, na kwa kuwa ardhi ni bapa hayaendi popote pia. Yanakaa. Mafuriko ya hapa hayana sauti wala mawe, yanaingia kwenye choo cha shimo na kisima kwa wiki nzima.

Tuliacha ploti, tukatazama majirani. Nyumba tatu za zamani zina msingi uliopanda ngazi nne au tano. Nguzo za ua zina mstari wa kijivu usawa mmoja, zote. Kwenye kona ya chini yamemea matete, na matete hayaoti mahali pakavu. Nikamwomba dada amuulize mwenye duka, si broka.

"Shosho, masika watoto hupita wapi kwenda shule?"

"Huko barabarani, wakizunguka," shosho akajibu. "Hapa katikati tunapita na gambuti hadi Juni."

Dada alinyamaza. Kisha akampigia broka, akamuuliza kwa nini bei ya ploti za juu ya barabara ni tofauti. Alipokata simu aliniambia, "Kakangu, pesa hii sitoi mpaka niione Mei." Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Jumapili: Fourteen Falls

Thika, kisha matatu ya Kilimambogo. Mto Nairobi umekwishaingia Athi, na kabla ya kufika hapa Athi imepokea pia Ruiru na Ndarugu. Maji yanaanguka kwenye miamba kwa mapana, na povu jeupe linalosafiri chini ni sabuni ya jiji. Mbele sana, baada ya kupokea Mto Tsavo, mto utaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi.

Mkulima wa nyanya alinionyesha shamba lake la ukingoni na pampu yake iliyofungwa kwenye mti kwa mnyororo. Pampu ya kwanza ilichukuliwa na mto mwaka 2024, usiku, bila tone la mvua huku kwake. Anasema maji mekundu ni ya Ruiru, na meusi yenye harufu ni ya Nairobi, na kwamba mvua kubwa ikinyesha jiji jioni, yeye huiona kesho yake. Nikamuuliza nani humwambia.

"Nani aniambie, mwalimu? Naona rangi, nakimbia."

Nilitoa daftari. Nikamweleza kwamba kuna mama Korogocho anayeuona mto huu kila asubuhi akifua, na kuna vijana wa filimbi Mathare wanaouona hata kabla yake. Alitaka nambari. Sikumpa kabla ya kumwomba mwenyewe ruhusa, kwa hiyo tulimpigia pale pale, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu ya kelele za maporomoko. Mama alicheka kusikia kwamba povu la sabuni yake linafika hadi kwenye nyanya za mtu. Akasema haijanyesha Korogocho tangu Alhamisi na mto uko chini ya alama ya kwanza, na kwamba ukipita ya pili atapiga, hata iwe saa nane za usiku. Mkulima akamuuliza alama ya pili iko wapi hasa, nami nikamfungulia ukurasa.